Ngozi Haiimbi

Katika ngitili za Bariadi na Maswa, malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi, huishi tetere wa aina tatu wenye alama moja: utepe mweusi nyuma ya shingo. Kwa mpita njia wote ni tetere, basi. Akitulia na kutazama jicho, mambo hubadilika. Mmoja ana jicho jeusi lisilozungukwa na rangi yoyote. Wa pili ana jicho la njano iliyopauka, na kando yake mna duara jekundu. Wa tatu, mkubwa kuliko wenzake, ana jicho jekundu ndani ya ngozi nyekundu. Akitulia zaidi na kusikiliza, hata jicho halihitaji kuonekana. Wa kwanza hurudia silabi tatu kutwa nzima, mkazo ukiwa katikati. Wa pili hutoa mvumo wa kukoroma unaoteremka. Wa tatu hupiga sauti sita, na mahadhi yake hayabadiliki.

Hao ni spishi tatu na hakuna mtaalamu anayebishana juu yao. Ubishi huanza pale ndege wawili wanapokaribiana zaidi ya hapo: rangi ni zilezile kwa kiasi kikubwa, umbo ni moja, chakula ni kimoja, ila mdomo wa huyu ni mweusi kidogo na wimbo wa yule una mwendo wake. Je, tofauti hiyo inatosha kuwaita spishi mbili? Kama inatosha, ni ipi yenye uzito zaidi, ile ya macho au ile ya masikio? Mkoa wa Simiyu, uliotangazwa rasmi mwaka 2012 na unaoanzia Ghuba ya Speke kule Busega hadi Pori la Akiba Maswa linalopakana na Serengeti, una ndege wanaolijibu swali hili vizuri kuliko vitabu vingi. Na jibu lao halimpi ushindi mwimbaji wala mvaaji. Linasema kwamba manyoya na wimbo ni mashahidi wawili wenye tabia tofauti, na kila mmoja anapaswa kuulizwa ameupata wapi ushahidi wake.

Kwa muda mrefu shahidi mmoja hakuitwa kabisa. Wanasayansi wa Kijerumani waliokuwa wa kwanza kuorodhesha ndege wa nyanda hizi walifanya kazi kwa ngozi zilizokaushwa. Gustav Fischer alisafiri hadi Ziwa Victoria mwaka 1885 na 1886, akakusanya ndege, akarudi Ulaya na kufariki mwaka huohuo wa 1886. Mwenzake Anton Reichenow, aliyebaki Berlin na masanduku ya makumbusho, alichapisha mwaka 1887 maelezo ya kasuku mdogo wa kichwa cha rangi ya chungwa anayeitwa kwa jina la Fischer, kwale wa kifua cha kijivu, na kwera mkubwa mwenye mkia wa rangi ya kutu. Wote watatu ni ndege wa kaskazini mwa Tanzania, na wote wanaonekana hadi leo katika eneo la Serengeti na Maswa. Kazi ya Reichenow ilikuwa kubwa na imedumu. Lakini ngozi haiimbi. Ndege ambao tofauti zao zimo kooni walilala kwenye droo moja wakihesabiwa kuwa ndugu wa tumbo moja.

Si kwamba Ulaya haikujua nguvu ya sauti. Mwaka 1768 mchungaji Gilbert White wa kijiji cha Selborne, Uingereza, alimwandikia rafiki yake kwamba ndege wadogo wa kijani ambao watu waliwahesabu kuwa wa aina moja au mbili walikuwa watatu, na alichoanzia ni nyimbo zao. Baadaye akatazama miguu, urefu wa mbawa na rangi ya tumbo, akakuta tofauti ndogo zinazoenda sambamba na nyimbo hizo. Mmoja wa watatu hao, anayejulikana kwa wanasayansi kama Phylloscopus trochilus, huja kila mwaka kukaa Afrika wakati wa baridi ya Ulaya, na kati ya Oktoba na Aprili anaweza kukutwa akiokota wadudu kwenye migunga ya Afrika Mashariki. Aliyeanzisha somo hili, basi, ni mgeni wa kawaida wa huku.

Mwenyeji anayelibeba somo hilo Simiyu ni zuwakulu wa Usambiro. Ni ndege wa ardhini na vichakani, wa njano iliyotapakaa madoa meusi na meupe, na kifuani ana mkanda mweusi. Oscar Neumann alimwandika kisayansi mwaka 1908 na kumpa jina la Usambiro, eneo lililo kusini mwa Ziwa Victoria ambako mmisionari Alexander Mackay alifariki mwaka 1890. Anaishi magharibi mwa Bonde la Ufa, kuanzia Mara na Loita kusini magharibi mwa Kenya, kupitia Serengeti, hadi nchi ya Usukuma. Upande wa mashariki na kaskazini, kutoka Tanzania hadi Ethiopia na Somalia, anaishi ndugu yake mwenye jina la Mfaransa D'Arnaud, ambaye naye ana jamii kadhaa ndani yake.

Wakiwekwa mezani, wawili hao wanafanana kiasi cha kumfanya mtu adhani ni suala la umri au msimu. Mdomo wa zuwakulu wa Usambiro ni mnene na wa rangi nzito, wakati wa mwenzake umepauka. Mkanda wa kifuani ni mpana zaidi. Mkia ni mfupi. Kwa mtaalamu wa droo, hizo ni tofauti za jamii ndani ya spishi moja, na kwa miongo mingi ndivyo alivyoandikwa.

Kisha watu wakaanza kubeba vinasa sauti porini. Zuwakulu hawa huimba wakiwa wawili. Dume na jike hukaa karibu juu ya kichaka au tawi fupi, wakaelekeana, wakasimamisha manyoya ya kichwa, wakatikisa mikia huku na huku, na kila mmoja akatia sehemu yake katika wimbo mmoja unaojirudia kwa muda mrefu. Lester Short wa makumbusho ya historia asilia ya New York na mkewe Jennifer Horne, walioishi Kenya miaka mingi, walitumia sehemu kubwa ya maisha yao kurekodi na kuchambua nyimbo za namna hii, na kitabu chao kikubwa cha mwaka 2001 kuhusu zuwakulu na jamaa zao kimejaa maelezo ya sauti. Zilipolinganishwa, nyimbo za Usambiro na za D'Arnaud zilionekana kutofautiana kwa uzito wa sauti na kwa jinsi silabi zinavyopangwa. Vitabu kadhaa vya kutambulia ndege wa Afrika Mashariki vikamtenga zuwakulu wa Usambiro kuwa spishi kamili. Orodha nyingine za dunia zilikataa, na kwa miaka mingi ndege yuleyule aliyekaa kwenye kichaka kilekile cha Meatu mkoani Simiyu alikuwa spishi katika kitabu kimoja na jamii tu katika kingine.

Hapa ndipo uzito wa wimbo unapohitaji kupimwa. Zuwakulu hawamo katika kundi kubwa la ndege waimbaji ambao, wakiwa wachanga, hujifunza nyimbo kwa kuwasikiliza wakubwa. Vivyo hivyo njiwa na tetere. Sauti za ndege wasiojifunza huja na kuzaliwa. Anayetoka yaini katika Bonde la Simiyu atalia kama wazazi wake hata asipowasikia. Kwa hiyo sauti inapotofautiana kati ya makundi mawili ya ndege wa namna hiyo, tofauti hiyo imo kwenye vinasaba, kama ilivyo rangi ya mdomo. Shahidi wa namna hii ni mzito. Kwa ndege wanaojifunza, kama shomoro, kwera na chozi, wimbo unaweza kubadilika kutoka bonde hadi bonde kama lafudhi, bila damu kubadilika.

Utafiti mzuri wa sauti za kuzaliwa nazo ulifanyika Uganda. Tetere wa jicho jeusi tuliyeanza naye hukutana huko na jamaa yake wa nchi kavu za kaskazini, na pale mipaka yao inapogusana wamezaana na kupata machotara. Paul den Hartog, Selvino de Kort na Carel ten Cate, watafiti wa Uholanzi, waliwachezea madume sauti zilizorekodiwa za aina zote tatu na kutazama nani anakasirika. Matokeo yao ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba ndani ya eneo la machotara, sauti ya chotara ilichukuliwa kuwa ya mpinzani halisi. Nje ya eneo hilo, kwa tetere wasiochanganyika, sauti hiyo haikuwa na nguvu ileile. Aliyeamua ni tetere mwenyewe, na uamuzi wake ulitegemea anaishi wapi. Jaribio la aina hii lina thamani kuliko rula yoyote, kwa sababu linapima tofauti ambayo ndege wenyewe wanaijali.

Fumbwe weusi wanakwenda mbali zaidi. Katika vijiji vingi vya Tanzania kuna ndege mdogo mwekundu anayedonoa punje uani bila woga, Lagonosticta senegala. Kiotani mwake hutaga fumbwe, ndege ambaye dume wake ni mweusi mwenye mng'ao wa buluu, na kumwachia kazi ya kulea. Kuna spishi kadhaa za fumbwe wa namna hii, kila moja ikitumia mwenyeji wake, na madume wake wanafanana mno: weusi, wadogo, wenye mng'ao unaotofautiana kidogo tu kwa buluu, kijani au zambarau, pamoja na rangi ya mdomo na miguu. Majike ni wa kahawia wenye michirizi, na hata wataalamu huwaacha bila jina. Lakini dume akiimba anajitaja mwenyewe, kwa sababu huingiza ndani ya wimbo wake sauti za mwenyeji aliyemlea.

Robert Payne wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walilijaribu hilo kwa ndege wa kufugwa. Makinda wa fumbwe waliolelewa na ndege wa aina ngeni kabisa, wenye asili ya Asia, walikua wakiimba nyimbo za walezi hao wapya. Majike waliolelewa hivyo walipenda madume wenye nyimbo hizo, na walipotaga walitafuta viota vya walezi hao. Mwaka 2003 Michael Sorenson, Kristina Sefc na Payne walionyesha kwa vinasaba kwamba spishi za fumbwe zimezaliwa kwa njia hiyohiyo: jike akikosea kiota na makinda wakapona, kizazi kipya kina wimbo mpya, na kwa wimbo huo kinaoana chenyewe kwa chenyewe. Hapa wimbo wa kujifunza, ambao kwa ndege wengine ni ushahidi hafifu, ndio mpaka wenyewe wa spishi. Kanuni moja haiwatoshi ndege wote.

Tena si kila wimbo wa kujifunza hubadilika upesi. Katika milima ya Tanzania, Kenya na Malawi wanaishi chozi wa kundi moja, kila spishi ikikaa juu ya milima yake. Jay McEntee na wenzake, miongoni mwao Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Elia Mulungu, wamewafuatilia kwa miaka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba baadhi ya nyimbo zao zimebaki karibu bila mabadiliko kwa zaidi ya miaka 500,000, ingawa kila kizazi kinazifunza upya kwa kinachofuata. Manyoya nayo yalikuwa hivyo. Spishi mbili zinaweza kuvaa karibu sawa na kuimba mbalimbali kabisa, na nyingine mbili zilizotengana muda mrefu zikaimba karibu sawa. Muda peke yake hauleti tofauti. Kinachohitajika ni sababu.

Kwa anayetembea mashambani Busega au Itilima, mtihani mgumu kuliko yote ni videnenda. Ni ndege wadogo wa kahawia wenye michirizi mgongoni, wanaojificha kwenye nyasi, mabwawa na vichaka, na Afrika ina spishi zake zipatazo 50. Kichwa chaweza kuwa na wekundu kidogo zaidi au pungufu, mkia mrefu au mfupi kutegemea msimu. Hubert Lynes, amirali wa jeshi la majini la Uingereza aliyegeukia ndege baada ya bahari, alitumia miaka akizunguka Afrika kuwapanga, na mwaka 1930 akachapisha uchambuzi wao ambao bado unatajwa. Lynes alitambua kwamba videnenda hawapangiki kwa ngozi peke yake, ni lazima kujua wanaishi wapi na wanalia vipi.

Mbinu hiyo inafanya kazi vizuri Simiyu. Kidenenda anayekaa juu ya mgunga na kutoa mlio wa ukali mara mbili tatu kisha akamalizia kwa mtetemo mfupi ni mmoja. Mwingine, mkubwa na mnene wa mdomo, hukoroma kama chura kwenye nyasi ndefu. Wa tatu, mdogo mwenye mkia mfupi, hupaa juu ya mbuga au jaruba la mpunga na kuruka kwa mawimbi, akitoa «tsit» moja kila anaposhuka na kupanda. Jirani zake wa nyasi fupi huruka kwa namna nyingine, hupiga mbawa zikalia au hupinda angani ghafla. Mtu akiwasubiri hadi watue ili awatazame vizuri, amepoteza alama bora aliyopewa. Wakati wao ni msimu wa mvua, wanapozaliana. Kiangazi wengi hunyamaza, na hapo uaminifu unadai kuandika «kidenenda» tu na kuendelea na safari.

Kwamba kazi hii haijaisha kunathibitishwa na Bonde la Kilombero. Videnenda wawili wa mabwawa yale walijulikana kwa watafiti tangu miaka ya 1980, wakatajwa katika vitabu kwa miongo bila jina la kisayansi. Mwaka 2021 tu ndipo Jon Fjeldså na wenzake walipowapa majina rasmi: Cisticola bakerorum, kwa heshima ya Neil na Liz Baker wa mradi wa atlasi ya ndege wa Tanzania, na Cisticola anderseni. Sauti zilikuwa sehemu ya ushahidi huo, pamoja na vinasaba na vipimo.

Manyoya nayo yanaweza kusema uongo wa wazi. Mwaka 1991 jarida la kisayansi la ndege lilichapisha habari ya tiva mpya kutoka Bulo Burti, Somalia. Alikuwa ndege mmoja tu, mwenye rangi ambazo hazikuonekana kwa jamaa zake. Alikamatwa, akafugwa, akachukuliwa sampuli za vinasaba, kisha akaachiwa badala ya kuuawa, jambo lililoleta mjadala mkubwa. Mwaka 2008 vinasaba vilichambuliwa upya na ikabainika kwamba alikuwa tiva wa kawaida wa Somalia aliyezaliwa na rangi adimu. Spishi nzima ilikuwa imesimama juu ya vazi la ndege mmoja.

Kutokana na makosa ya aina zote mbili, Joseph Tobias na wenzake walipendekeza mwaka 2010 utaratibu wa kutoa alama. Kila tofauti hupewa kati ya 1 na 4 kwa ukubwa wake, na idadi ya tofauti zinazokubaliwa ina kikomo: tatu za manyoya, mbili za sauti, mbili za vipimo vya mwili, moja ya tabia au makazi. Jumla ikifika 7, ni spishi mbili. Shirika la BirdLife International lilitumia utaratibu huo kwa orodha yake kubwa, ambayo ndiyo msingi wa Orodha Nyekundu ya ndege walio hatarini. Faida yake ni uwazi: kila mtu anaona jumla imetoka wapi. Udhaifu wake ni mkubwa vilevile. Hesabu hiyo huwapa zuwakulu na fumbwe mzani mmoja, kana kwamba sauti ya kuzaliwa nayo na sauti ya kufundishwa ni kitu kimoja. Pia mtu huamua ukubwa wa tofauti ya rangi kwa jicho la binadamu, wakati ndege wengi huona miali ya mwanga ambayo sisi hatuioni.

Mambo haya yana matokeo nje ya vitabu. Ndege akihesabiwa kuwa jamii tu ya spishi iliyoenea hadi Ethiopia, hakuna anayeona haja ya kumfuatilia. Akihesabiwa kuwa spishi inayoishi tu kati ya Mara na Usukuma, kila ngitili inayolimwa pamba na kila kichaka kinachogeuzwa mkaa kinaingia kwenye hesabu yake. Kwa mkulima wa mtama, kutofautisha ni suala la chakula. Kwelea kwelea wa kahawia, asiye na vazi la uzazi, hufanana na kwera wengi wasio na hatia. Mdomo mwekundu husaidia, ila jike anapozaliana mdomo wake hugeuka njano, na mnyunyizaji dawa asiyejua hilo ataua wasiohusika.

Vifaa vya kufanyia kazi ya kutofautisha ndege sasa viko mifukoni. Simu ya kawaida hurekodi sauti inayotosha kutolewa picha ya wimbo, na tovuti ya xeno-canto, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Bob Planqué na Willem-Pier Vellinga, hupokea rekodi kutoka kwa yeyote na kumruhusu yeyote kuzisikiliza. Rekodi yenye faida ni ile iliyoambatana na tarehe, saa, mahali hasa, na maelezo ya ndege aliyeonekana: rangi ya mdomo, upana wa mkanda, alikuwa peke yake au na mwenzake. Kumchezea ndege sauti kunahitaji kiasi, hasa wakati wa kutaga, kwa sababu dume anayekimbizana na mpinzani asiyekuwepo anaacha kulinda kiota.

Kwa zuwakulu, mahali pa kuanzia ni kusini na mashariki mwa Meatu, ambako nchi inateremka kuelekea bonde la Eyasi na Singida, na jamii za D'Arnaud zinakaribia. Huko nyimbo za wawili wawili zirekodiwe kijiji baada ya kijiji mvua zinapoanza, na jozi ya Usambiro ichezewe mara moja wimbo wa ndugu zake wa mashariki, mara moja wimbo wa jirani yake wa upande wa pili wa mbuga. Ikijibu wote wawili sawasawa, liandikwe. Ikijibu mmoja na kumpuuza wa pili, liandikwe vilevile, pamoja na rangi ya mdomo wa kila mmoja wao.